Lava na Dhahabu: Mpaka wa Miamba kati ya Chai ya Kericho na Migodi ya Lolgorien na Macalder

Kusini-magharibi mwa Kenya kuna mpaka wa miamba uliotangulia mipaka yote ya wilaya, hifadhi na kaunti, na ambao umeamua mengi katika maisha ya wakazi wa eneo hilo bila kuandikwa katika sheria yoyote. Mashariki yake ziko nyanda za juu za Kericho na Bomet, ambako chai imetanda kutoka viunga vya mji wa Kericho hadi Litein, Sotik na vilima vinavyokaribia msitu wa Mau; magharibi na kusini yake, mtu akishavuka Trans Mara, kunaanza vilima vya Lolgorien na ukanda unaoteremka kupitia Migori hadi Ziwa Victoria, ambako dhahabu, pamoja na madini ya fedha yanayoandamana nayo, imechimbwa kwa takribani karne moja. Kwa muda mrefu historia ya chai imeandikwa peke yake na historia ya madini peke yake, kana kwamba zilitokea katika nchi mbili tofauti, ilhali zote mbili zinaanzia katika tukio moja la kijiolojia, yaani kumwagika kwa lava iliyofunika miamba ya kale upande mmoja na kuiacha wazi upande mwingine. Anayetaka kuelewa kwa nini Mkipsigis wa Kericho alipoteza ardhi yake kwa sababu ya chai, na jirani yake wa magharibi akavamiwa kwa sababu ya dhahabu, hana budi kuanza na mawe yenyewe.

Miamba iliyo chini ya yote

Msingi wa eneo lote ni miamba ambayo wanajiolojia huiita ya Kinyanza, kwa kuwa ilielezwa kwanza katika jimbo la zamani la Nyanza, na ambayo umri wake ni takribani miaka bilioni 2.7. Miamba hiyo ilianza kama lava na majivu ya volkano yaliyomwagika kwenye sakafu ya bahari ya kale, kisha ikakunjwa, ikabanwa na kupashwa joto ndani ya ardhi hadi ikawa miamba geu, yaani miamba iliyobadilika umbo na madini yake bila kuyeyuka. Lava nyeusi za kale, zilipopitia mabadiliko hayo, zilipata rangi ya kijani iliyofifia kutokana na madini mapya yaliyozaliwa ndani yake, na ndiyo sababu maeneo ya aina hii, ambayo yanapatikana pia Geita na Tarime nchini Tanzania, yakaitwa kanda za mawe ya kijani. Juu ya miamba hiyo, katika sehemu kadhaa, kulilala mashapo ya mchanga, changarawe na matope yaliyogeuka kuwa mawe, na hayo huitwa ya Kikavirondo. Kisha granaiti, ambayo ni mwamba uliopoa polepole chini ya ardhi kutoka katika uji wa moto, ikapenya katikati ya yote na kuyasukuma pembeni.

Katikati ya lava hizo za kale kuna mwamba mmoja unaostahili kutazamwa kwa karibu, nao ni jiwe la chuma lenye mistari. Kipande chake kikipasuliwa huonyesha tabaka nyembamba zilizopangwa kwa zamu, moja nyeusi au nyekundu yenye chuma kingi, nyingine nyeupe au kijivu yenye silika, na tabaka hizo mara nyingi zimejikunja kwa ushahidi wa nguvu zilizoukandamiza mwamba ulipokuwa bado kina kirefu. Jiwe hilo ni gumu kuliko majirani zake, hivyo husimama kama matuta na vilima wakati miamba mingine imeliwa na mvua, na wapekuzi wa madini katika ukanda wa Migori walijifunza mapema kufuata matuta hayo.

Sababu ya kuyafuata ni ya kikemia. Maji ya moto sana, yenye salfa na chembe za dhahabu zilizoyeyuka, yalipanda kutoka chini kupitia nyufa zilizotokea wakati miamba ilipokuwa ikivunjika na kuteleza. Dhahabu ilibaki ndani ya maji kwa sababu ilikuwa imeshikamana na salfa, na pale maji yalipokutana na jiwe lenye chuma kingi, chuma kiliinyang'anya dhahabu ile salfa na kutengeneza pairaiti, ambayo ni madini ya njano yanayong'aa na yanayowahadaa wageni, huku dhahabu ikikosa cha kushikamana nacho na kutuama mahali hapo. Kwingine maji yale yalipoa au yalipoteza shinikizo ghafla ndani ya ufa, yakaacha silika iliyoganda kuwa kwatsi, jiwe jeupe linalofanana na kioo kizito, na ndani ya kwatsi hiyo dhahabu ikabaki kama chembe, nyuzi au vumbi lisiloonekana kwa macho. Ufa uliojazwa namna hiyo ndio mshipa, na mawe yenye madini ya kutosha kulipia gharama ya kuyachimba ndiyo huitwa mbale.

Madini ya fedha hayako mbali na masimulizi haya, kwa sababu dhahabu ya asili karibu kila mara huwa na kiasi cha fedha ndani yake. Atomi za metali hizo mbili zinakaribiana sana kwa ukubwa, kwa hiyo huganda pamoja katika chembe moja, na kadiri fedha inavyoongezeka ndivyo rangi ya dhahabu inavyopauka kutoka manjano iliyoiva hadi njano nyeupe. Mnunuzi mzoefu huitambua tofauti hiyo hata kabla ya kupima, na bei hushuka kulingana nayo. Kwa sababu hiyo migodi midogo ya eneo hili, ingawa ilisajiliwa kama migodi ya dhahabu, ilikuwa pia migodi ya fedha, kwa kuwa fedha ilitoka kama sehemu ya donge lile lile na kutenganishwa wakati wa kusafishwa.

Lolgorien na Macalder

Lolgorien iko katika Trans Mara, katika Kaunti ya Narok ya sasa, upande wa kusini-magharibi wa Bomet, kwenye ncha ya mashariki ya ukanda wa Migori. Hapo mishipa ya kwatsi hukatiza lava za kale na mawe ya chuma, na kilima kimojawapo kilipewa jina la Kilimapesa, ambalo halihitaji kufafanuliwa. Dhahabu ya Lolgorien ilikwisha kuvutia wapekuzi katika miaka ya 1920, kabla ya mkimbilio maarufu wa dhahabu wa Kakamega, lakini mishipa yake ilikuwa myembamba na isiyotabirika: mshipa wenye utajiri ungeweza kufuatwa kwa hatua kadhaa, kisha ukasinyaa, ukakatwa na mteremko wa mwamba au ukapoteza dhahabu ghafla, na mchimbaji akalazimika kuamua kama atumie mapato ya jana kutafuta mwendelezo ambao pengine haupo. Aina hiyo ya mbale inamfaa mtu mwenye mtaji mdogo na subira kubwa kuliko kampuni inayohitaji tani nyingi kila siku, na tabia hiyo ya mwamba ndiyo iliyofanya uchimbaji wa Lolgorien uwe wa kufufuka na kufifia kwa miongo mingi.

Macalder, upande wa pili wa ukanda, karibu na ziwa, ilikuwa hazina ya namna nyingine kabisa. Mbale yake haikutokana na mishipa iliyokatiza mwamba uliokwisha kuganda, bali na chemchemi za moto zilizotoka kwenye sakafu ya bahari wakati lava zenyewe zilipokuwa zikimwagika, ambapo maji ya moto yalipokutana na maji baridi yaliangusha metali zake kama rundo zito la salfaidi, yaani michanganyiko ya metali na salfa. Rundo hilo lilikusanya shaba, zinki, chuma, dhahabu na fedha mahali pamoja. Baadaye sana, ardhi ilipoinuliwa na kuliwa na mvua, sehemu ya juu ya rundo ilikutana na hewa na maji, salfa ikageuka kuwa asidi, shaba ikayeyuka na kushuka chini, na juu kukabaki kofia ya chuma chenye kutu, laini na yenye matundu, ambayo dhahabu ilibaki ndani yake kwa kuwa haiozi wala kuyeyuka kirahisi.

Muundo huo ndio uliopanga historia ya mgodi. Katika miaka ya 1930 wachimbaji walianza na kofia ile ya kutu, ambayo ilikuwa rahisi kuvunjwa na kusagwa, na wakapata dhahabu; lakini walipofika chini, kwenye salfaidi ngumu, mbinu za kawaida za kutoa dhahabu hazikutosha, kwa sababu sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu kutoka katika mawe yaliyosagwa, huliwa kwa wingi na shaba kabla haijaifikia dhahabu yenyewe. Kuendelea kulihitaji mtaji wa mtambo wa kutenga shaba, na mtaji huo ulikuja baada ya Vita Vikuu vya Pili, Shirika la Maendeleo ya Makoloni, lililoundwa na Uingereza mwaka 1948, lilipoingia Macalder na kuugeuza kuwa mgodi wa shaba unaotoa dhahabu na fedha kama mazao ya ziada. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1966, ukiacha mashimo, magofu na malundo ya marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, ambao bado ulikuwa na dhahabu iliyoponyoka mitambo.

Lava iliyofunika

Ukanda wa mawe ya kijani ungeonekana ukiendelea kuelekea mashariki kama si lava iliyokuja juu yake. Takribani miaka milioni 12 iliyopita, kabla Bonde la Ufa halijafikia kina chake cha leo, ardhi iliyokuwa imeinuka katikati ya Kenya ilipasuka na kumwaga lava ya aina iitwayo fonolaiti, iliyotiririka mbali kuelekea magharibi, ikajaza mabonde ya kale, ikafunika granaiti na mawe ya kijani, na kuacha uwanda mpana uliolala kwa mteremko wa taratibu kuelekea ziwa. Wanajiolojia huiita fonolaiti ya Kericho, na ndiyo inayolala chini ya sehemu kubwa ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet. Magharibi lava hiyo inakoma ghafla kwenye kingo zinazoonekana wazi, kama vile uwanda wa Nyabondo na genge la Nyakach, ambako fonolaiti imekaa juu kama paa na miamba ya kale inatokeza chini yake; na kusini, katika Trans Mara, mmomonyoko umekwisha kuiondoa katika sehemu nyingi, ndipo miamba ya dhahabu ikapata kuonekana Lolgorien.

Fonolaiti ni jiwe la kijivu lenye kuelekea ukijani, lenye chembe ndogo sana, na linapopigwa kwa nyundo likiwa halijaoza hutoa mlio wa wazi, wa kama chuma, unaowajulisha wafanyakazi wa machimbo ya kokoto kwamba jiwe ni zima na litafaa barabara. Halina mishipa ya dhahabu, kwa kuwa lilizaliwa mabilioni ya miaka baada ya maji yale ya moto kupita, na halikuwahi kuzikwa kwenye kina ambako maji ya namna hiyo hufanya kazi yake. Kwa hiyo mpekuzi wa miaka ya 1930 aliyepanda kutoka Kisumu kuelekea Kericho akiwa na karai lake la kuoshea mchanga alikuwa akitembea juu ya kifuniko, na mito aliyoiosha, ikiwa inatiririka juu ya lava, haikuwa na cha kumpa.

Hata hivyo kifuniko hicho kilitoa utajiri wa aina yake. Fonolaiti ina madini yanayooza haraka panapokuwa na joto na mvua nyingi, na kwa kuwa Kericho hupata mvua karibu mwaka mzima kutokana na hewa yenye unyevu wa Ziwa Victoria inayopanda na kukutana na nyanda za Mau, mwamba uliliwa hadi kina cha mita nyingi na kugeuka udongo mwekundu, laini, unaopitisha maji bila kuyatuamisha. Mvua hiyo hiyo ilichukua chokaa na chumvi nyingine na kuuacha udongo ukiwa na asidi, jambo ambalo lingekuwa hasara kwa mazao mengi lakini ni sharti kwa mchai, ambao hustawi katika udongo wenye kipimo cha asidi cha kati ya 4.5 na 5.6 hivi na ambao mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji wakati wa kiangazi. Hivyo lava iliyoificha miamba ya dhahabu ndiyo iliyotengeneza udongo wa chai.

Ardhi mbili, unyang'anyi mmoja

Tofauti hiyo ya miamba ilipokutana na ukoloni, ilileta njia mbili za kupoteza ardhi. Upande wa lava, kilichotakiwa kilikuwa uso wa nchi. Sheria ya Ardhi za Taji ya 1915 iliruhusu walowezi kupewa ardhi kwa miaka 999, na mwaka 1919 maelfu ya ekari za Wakipsigis karibu na Kericho zilitengwa kwa mpango wa kuwapa makazi maofisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani, ambao walilima kitani hadi bei yake ilipoanguka na mpango kusambaratika. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia na kupanda chai, na udongo uliokuwa malisho na mashamba ya wimbi ukawa mali ya mashamba makubwa. Wenyeji hawakuruhusiwa kulima zao hilo hadi miaka ya 1950, na Mamlaka ya Ustawi wa Chai ya Kenya, iliyokuja kuwabeba wakulima wadogo, iliundwa mwaka 1964.

Upande wa miamba ya kale, kilichotakiwa kilikuwa ndani ya nchi. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliangusha bei za mahindi na kahawa, na Uingereza ilipoacha kufunga sarafu yake na dhahabu mwezi Septemba 1931, bei ya dhahabu kwa pauni ilipanda wakati bei ya kila kitu kingine ikishuka. Mwaka huo huo habari za dhahabu ya Kakamega zilienea, na walowezi waliofilisika walikimbilia huko na kusini Nyanza pia. Serikali ilimwita Sir Albert Kitson, aliyewahi kuongoza upimaji wa jiolojia katika Ghana ya sasa, kuichunguza Kakamega, na ripoti yake ya 1932 iliwapa moyo wawekezaji. Tatizo lilikuwa Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji ya 1930, iliyoahidi kwamba hifadhi zitabaki za wenyeji daima na kwamba ardhi yoyote itakayotolewa italipwa kwa ardhi nyingine. Lakini mwezi Desemba 1932, kabla hata miaka mitatu haijatimia, sheria hiyo ilirekebishwa ili ardhi ya madini ilipwe kwa pesa tu. Kiongozi wa kanisa la Anglikana katika Nyanza, Askidikoni Walter Owen, alikuwa miongoni mwa waliopinga, na wenyeji walijifunza kwamba ahadi ya milele ilikuwa na mwisho wake pale dhahabu ilipotokea.

Wakati huo huo elimu ya miamba iliimarika. Mwanajiolojia Robert Shackleton aliutembea na kuupima ukanda wa dhahabu wa Migori, na ripoti yake ya 1946, iliyoonyesha uhusiano wa mawe ya chuma, lava za kale na mishipa, ilibaki msingi wa waliofuata. Hata hivyo maarifa hayakuweza kuishinda hesabu ya fedha: Marekani ilikuwa imeweka bei ya dhahabu kuwa dola 35 kwa aunsi tangu mwaka 1934, na bei hiyo haikubadilika kwa zaidi ya miaka 30 wakati mishahara, baruti na mafuta vikizidi kupanda. Rosterman, mgodi mkubwa kuliko yote ya Kakamega, ulifungwa mwaka 1952, na migodi midogo mingi ikawa imekwisha kunyamaza. Dhahabu ilikuwa bado ipo, ila haikulipa.

Urithi wa sasa

Bei ilipoachwa huru katika miaka ya 1970, mbale iliyoonekana taka ikapata thamani upya, na waliorudi kwanza walikuwa wachimbaji wadogo. Huko Migori na Trans Mara, mwamba hupasuliwa kwa mkono ndani ya mashimo membamba, husagwa, kisha huoshwa juu ya mbao za mteremko zilizotandikwa gunia au zulia, ambako chembe nzito hubaki na mchanga mwepesi kuondoka. Katika hatua ya mwisho mwoshaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke, huzungusha karai hadi mchanga mweusi wa chuma ukae upande mmoja na uzi mwembamba wa njano ujitokeze ukingoni mwake, kisha hutia zebaki, ambayo hushikamana na dhahabu na fedha na kuacha kila kingine. Donge linalotokea huwekwa kwenye moto, zebaki hugeuka mvuke, na mvuke huo huingia mapafuni mwa aliyelishika na katika vijito vinavyoishia ziwani. Chombo cha kuukamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki si ghali, na kukosekana kwake katika mashimo mengi ni jambo lisilo na udhuru.

Nyanda za chai nazo hazijitengi na jambo hili, kwa kuwa mito Nyangores na Amala, inayopita Bomet kutoka msitu wa Mau, huungana kuwa Mto Mara, ambao baada ya kupita hifadhi za wanyama huingia Tarime nchini Tanzania, kwenye ukanda mwingine wa mawe ya kijani ambako mgodi mkubwa wa North Mara ulianza kazi mwaka 2002. Maji ya nyanda za lava hushuka hadi kwenye miamba ya dhahabu, na uharibifu wa misitu juu unaongeza matope chini.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliyafanya madini yote kuwa mali ya umma na kupunguza ukodishaji wa ardhi kwa wageni hadi miaka 99, na Sheria ya Madini ya 2016 iliamuru asilimia 70 ya mrabaha iende serikali kuu, asilimia 20 kaunti, na asilimia 10 jamii inayoishi penye mgodi. Ni hatua ya haki, na inafaa ilinganishwe na kile wanachopata wanaoishi penye chai, ambao udongo wao ni mali ya asili kama mbale ilivyo, lakini ambao hawakuwekewa fungu la namna hiyo. Ulinganisho huo unawezekana tu pale historia mbili zinaposomwa pamoja. Mwanafunzi wa Bomet anayefundishwa kwamba nchi yake ni ya chai kwa bahati ya hali ya hewa, na yule wa Lolgorien anayefundishwa kwamba kwao kuna dhahabu kwa bahati ya Mungu, wote wawili wamenyimwa sababu iliyo chini ya miguu yao. Ramani za kijiolojia za eneo hili zipo tangu enzi za ukoloni, na mahali pake panapofaa ni katika madarasa na mabaraza ya kaunti, mikononi mwa watu ambao mababu zao walihamishwa kwa sababu ya mambo ambayo ramani hizo zinayaeleza, ili uamuzi ujao kuhusu ardhi hiyo ufanywe na wanaoielewa ndani na nje.